Usiku Ule Nilipofungua Hewa

Mimi ni mwalimu wa zamani. Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa kalasi ya tano somo la hewa, nami nililipenda somo hilo kuliko mengine yote, kwa kuwa halikutaka vitabu. Nilileta mshumaa, sahani na glasi. Niliuwasha mshumaa, nikaufunika kwa glasi, na kalasi nzima ilinyamaza kuutazama moto ukidhoofika, ukipungua, ukizimika. "Kwa nini umezimika?" Nao walijibu kwa sauti moja: "Umekosa oksijeni, Mwalimu!" Basi niliridhika. (Kweli yenyewe ni ngumu zaidi kidogo, maana oksijeni nyingine hubaki chini ya glasi, ila haitoshi tena kuulisha moto. Lakini jambo hilo sikuwaambia.)

Watoto waliotoka upande wa Goma na Sake hawakuhitaji mshumaa wangu. Kwao, karibu na volkano, hewa nzito ya kaboni hutoka ardhini na kujikusanya mabondeni kama maji katika shimo. Wenyeji huiita mazuku. Haina rangi. Mbuzi akishuka humo alfajiri huanguka na kufa, na mtoto mdogo yumo hatarini kuliko baba yake, kwa sababu kichwa cha baba kiko juu ya hewa ile, na kichwa cha mtoto kimo ndani yake. Niliyasikia hayo kwa wanafunzi wangu, nikayaunganisha na mshumaa, nikaandika ubaoni mistari miwili: oksijeni ni hewa njema, hewa ya kaboni ni hewa mbaya. Ubao niliufuta kila siku jioni, lakini mistari ile miwili ilikaa kichwani mwangu kwa miaka thelathini na zaidi.

Sasa nitawaeleza jinsi ilivyofutika.

Mwaka wa 2018 mtoto wa dada yangu, niliyemlea tangu baba yake alipofariki, alijifungua mimba ikiwa ya mwezi wa saba. Mume wake alikuwa mbali, kazini. Basi mimi mjomba ndiye niliyekwenda naye katika hospitali moja ndogo ya vijijini. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye uzito wa kilo moja na gramu 200. Nimekwisha kubeba dende wazito kuliko yule mtoto. Ngozi yake ilikuwa nyembamba hata uliweza kuona mishipa, na kila alipovuta pumzi mbavu zake ziliingia ndani, kama kikapu kinachobanwa na mikono.

Walimlaza mahali pa joto, wakamtia kijirija chembamba puani. Kijirija kile kilitoka katika mashine iliyonguruma pembeni mwa ukuta. Masere aliyewatunza watoto wachanga alinieleza kazi yake, alipojua kuwa mimi ni mwalimu. Hewa tunayoivuta ina oksijeni 21 kwa mia tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni nitrojeni. Mashine huivuta hewa ya chumba, huisukuma katikati ya chembe za madini zenye vitundu vidogo sana, nazo hushika nitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Kwa hiyo mwishoni hutoka hewa yenye oksijeni zaidi ya 90 kwa mia. Haihitaji mtungi wala gari la kuuleta. Inahitaji umeme tu. Hapo Masere alicheka kidogo, nami nilimwelewa, kwa maana wote tunaujua umeme wetu.

Mguuni mwa mtoto walifunga kitambaa chenye taa nyekundu, na karibu yake palikuwa na kisanduku chenye namba. Kifaa hicho kilitokana na kazi ya mhandisi mmoja wa Japani, Takuo Aoyagi, mwaka wa 1974. Damu iliyobeba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Damu iliyoishiwa ni nyeusi-nyeusi. Taa hupenya mguu, na kifaa huipima rangi ile, kikasema kati ya mia ni sehemu ngapi za damu zimebeba mzigo wao. Zamani ilibidi kumchoma mtoto sindano na kuipeleka damu yake maabara ili kulijua hilo.

Masere akaonyesha kisanduku kwa kidole. "Baba Mwalimu, namba hii ikae kati ya 90 na 95. Ikishuka, niite. Ikipanda zaidi, niite vilevile."

Ikipanda? Nilidhani amekosea kusema. Tena, niseme kweli, nilidhani anaibania gesi, kama vile mtunza ghala anavyobania sukari.

Usiku wa tatu aliitwa chumba cha wazazi. Mama mmoja alikuwa akitokwa na damu nyingi, na wauguzi wote walikimbilia huko. Mimi na mtoto wa dada yangu tulibaki peke yetu. Karibu saa nane namba ikaanza kushuka: 89, 87, 84. Kisanduku kikalia. Midomo ya mtoto ikawa na rangi ya majivu. Nilitoka nikaita, hakuna aliyejibu. Nilirudi, na mama yake alinishika mkono akisema: "Mjomba, wewe unayajua mambo haya. Mfungulie mtoto hewa!"

Kweli niliyajua. Si nilikuwa nimeyafundisha? Mashine ilikuwa na kifungo, na juu yake kibomba cha kioo chenye alama. Kidude kidogo kilielea penye nusu lita kwa dakika. Nilikizungusha kifungo mpaka kidude kikasimama penye lita mbili. Tukangoja. Namba ikapanda: 88, 93, 97, halafu 100. Midomo ikawa myekundu. Mtoto wa dada yangu alilia kwa furaha, nami nilijiona mtu mkubwa. Nilivuta kiti, nikaketi kuitazama ile 100, kama mwalimu anayeitazama kazi ya mwanafunzi isiyo na kosa hata moja.

Masere alirudi baada ya saa mbili, nguo yake ikiwa na damu. Alitazama kisanduku, hakusema neno, akazungusha kifungo polepole mpaka namba iliposhuka penye 94. Kisha akageuka.

"Nani aliyefungua?"

"Ni mimi, Masere."

"Hukukosa kumwongezea, Baba. Angalikufa. Umekosa kwa kumwachia hivyo." Akanyamaza kidogo. "Unataka mtoto huyu aone, au asione?"

Sikumwelewa. Asubuhi, alipokwisha kunawa na kunywa chai, alinieleza. Mambo mengine niliyasoma mwenyewe baadaye. Mtu mwenye hatia husoma kwa bidii kuliko mwanafunzi.

Mwaka wa 1942, katika mji wa Boston huko Marekani, daktari wa macho jina lake Theodore Terry aliandika habari za watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao ndani ya macho yao palikuwa pameota utando mweupe. Walikuwa vipofu. Miaka iliyofuata ugonjwa huo ulienea, na jambo la kushangaza ni kwamba ulienea hasa katika hospitali nzuri, za nchi tajiri. Mahali pasipokuwa na vifaa vingi ulionekana mara chache. Watu walitafuta sababu katika mwanga, katika vitamini, katika maziwa. Mwaka wa 1951 daktari mwanamke wa Melbourne, nchini Australia, jina lake Kate Campbell, alionyesha kwamba watoto waliopewa oksijeni nyingi walipofuka zaidi kuliko waliopewa kwa kipimo. Ndipo Wamarekani wakafanya uchunguzi mkubwa katika hospitali 18, kuanzia mwaka wa 1953, na mwaka wa 1954 jibu likatolewa: mkosaji ni oksijeni yenyewe. Watoto wapatao 10,000 ulimwenguni walikuwa wamekwisha kupoteza macho. Mmoja wao ni yule mwimbaji Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka wa 1950 kabla ya siku zake.

Wale wauguzi waliokifungua kifungo hawakuwa wazembe. Waliona midomo ikiwa myekundu wakafurahi, kama mimi.

Niliporudi nyumbani nilitafuta habari za wale waliogundua hewa hii, ambao zamani niliwataja shuleni kwa majina na tarehe tu. Msweden Scheele alikuwa ameipata kwanza, lakini kitabu chake kilichelewa kutoka mpaka mwaka wa 1777. Mwingereza Joseph Priestley, aliyekuwa mhubiri wa Kiprotestanti, aliipata tarehe 1 Agosti 1774: alichoma unga mwekundu wa zebaki kwa mwanga wa jua uliokusanywa na kioo kikubwa, na katika hewa iliyotoka mshumaa uliwaka kwa nguvu ya ajabu. Baadaye alimfungia panya ndani yake, naye aliishi muda mrefu kuliko katika hewa ya kawaida. Kisha Priestley akaivuta mwenyewe, akajisikia kifua chepesi. Hayo niliyafundisha. Lakini sikufundisha aliyoyaandika baada ya hapo, kwa kuwa sikuyajua: alishuku kwamba hewa hiyo, ingawa ni dawa kwa mgonjwa, huenda isimfae mtu mzima wa afya, maana mshumaa huisha upesi zaidi ndani yake, na pengine sisi nasi tungeishi na kwisha upesi mno. Aliandika hivyo mwaka wa 1775! Alikuwa amelishika jambo kwa mkia tangu siku za kwanza.

Aliyeipa hewa hii jina la oksijeni ni Mfaransa Lavoisier. Maana ya jina hilo, kwa Kigiriki, ni mzaa uchachu, kwa kuwa alidhani kila kitu kichachu kina oksijeni ndani yake. Alikosea, lakini jina limebaki. Kazi yake ninayoipenda zaidi ni ya majira ya baridi ya mwaka wa 1782 na 1783, alipofanya kazi pamoja na Laplace. Walichukua dende, ndiyo, mnyama yule yule tunayemfuga jikoni hapa Kivu, wakamtia ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu. Walipima maji ya barafu iliyoyeyuka kwa joto la mwili wake. Kisha walipima joto la makaa yanayotoa hewa ya kaboni kiasi kile kile anachotoa dende kwa pumzi zake. Vipimo viwili vilikaribiana. Wakasema: kupumua ni kuwaka, polepole, bila ndimi za moto. Lavoisier alikatwa kichwa katika mapinduzi ya Ufaransa tarehe 8 Mei 1794, na sababu haikuwa dende wala oksijeni, bali kazi yake ya kukusanya kodi.

Kupumua ni kuwaka. Sasa tazameni msumari ulioachwa mvuani. Chuma chake hushika oksijeni na maji, kikawa kutu, na oksijeni ile hakiiachi tena. Ndani ya damu yetu mna chuma vilevile, lakini kimewekwa kwa ustadi katikati ya protini kubwa, hata huweza kushika oksijeni mapafuni na kuiachilia mbali huko, katika kidole cha mguu au katika jicho. Max Perutz, aliyefanya kazi Cambridge nchini Uingereza, alitumia zaidi ya miaka ishirini kulijua umbo la protini hiyo, akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1962. Shuleni niliwaonyesha watoto kutu, niliwaonyesha na damu, wala sikuwahi kuwaambia kuwa ni habari moja.

Na jicho je? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Mtoto akiwa tumboni, damu yake ina oksijeni kidogo sana kuliko yetu. Sisi tungeuita upungufu, lakini ndio unaomjenga. Mishipa midogo ya damu huanza katikati ya nyuma ya jicho, hutambaa kuelekea kando kama mizizi ya maharagwe, na kinachoiita ni ile njaa ya oksijeni. Huifikia kando siku za kuzaliwa zikiwa zimekaribia. Mtoto akizaliwa mwezi wa saba, mishipa ingali njiani. Ukimjaza oksijeni, njaa hukoma, mwito hunyamaza, na mishipa husimama pale ilipo. Mingine hata hufa. Baada ya majuma kadhaa jicho hukua, sehemu isiyo na mishipa hulia kwa njaa kali, na mishipa mipya huja mbio bila utaratibu, hutoka damu, huota utando, na mwisho hulivuta pazia la jicho mpaka linabanduka.

Mwaka wa 2019, mwaka mmoja baada ya usiku wangu ule, tuzo ya Nobel ya uganga ilitolewa kwa watu watatu, Wamarekani William Kaelin na Gregg Semenza, na Mwingereza Peter Ratcliffe. Walikuwa wamegundua jinsi chembe hai inavyojua kama oksijeni ni nyingi au chache. Mna protini fulani, wataalamu huiita HIF. Oksijeni ikiwa tele, chembe huitia alama protini hiyo na kuivunja mara moja. Oksijeni ikipungua, protini hubaki hai, huingia katika moyo wa chembe na kutoa amri: jengeni mishipa, tengenezeni damu! Amri hiyo hiyo ndiyo inayowasaidia wakaaji wa milima mirefu, na uvimbe wa kansa nao huiiba ili ujiletee damu. Nilisikia habari hizo redioni nikiwa nakunywa chai, nikaacha kikombe kipoe.

Labda mtauliza: basi si afadhali kuwapa watoto oksijeni kidogo tu? Hivyo ndivyo walivyofanya madaktari baada ya mwaka wa 1954. Waliifunga. Upofu ukapungua sana, lakini makaburi yakaongezeka. Mwaka wa 1973 daktari Mwingereza, Cross, alikadiria kwamba kwa kila mtoto aliyeokolewa macho, watoto 16 hivi walikufa kwa kukosa hewa. Na mwaka wa 2010 ulitolewa uchunguzi mwingine wa Marekani, uliofanywa kwa watoto zaidi ya 1,300 waliozaliwa wadogo mno: waliowekwa penye 85 mpaka 89 walipata ugonjwa wa macho kwa uchache, lakini walikufa zaidi kuliko wale waliowekwa penye 91 mpaka 95. Ile njia ya Masere, yenye upana wa vidole vichache, imechongwa na watoto hao wote, vipofu na marehemu. Nami nilidhani anabania gesi.

Siku mbili baada ya kosa langu, umeme ulikatika. Ilikuwa saa tatu ya usiku. Mashine ilinguruma kwa mara ya mwisho, ikanyamaza, na kimya kile kilitutisha kuliko kelele yoyote. Masere alikuwa na mtungi mmoja wa akiba. Aliwafukuza watu wenye mishumaa, akaamuru babula ya makala iliyokuwa barazani itolewe mbali, kwa maana penye oksijeni nyingi kijinga kidogo huwaka kama petroli. Hata mafuta ya mikono hayafai kugusa kichwa cha mtungi. Jenereta haikuwa na mazutu. Nilitoka pamoja na zamu, tukagonga milango ya watu wenye magari, tukabembeleza, tukalipa, na tulirudi na bidoni moja karibu saa sita. Njiani nilikuwa nikihesabu: mtungi ule utadumu mpaka saa ngapi, akipewa nusu lita kwa dakika? Na kama angepewa lita mbili? Hesabu ya pili sikutaka kuimaliza.

Juma la nne Masere alituagiza twende Bukavu kwa daktari wa macho. Mama alimbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya kitenge. Daktari alimtia dawa ya kupanua mboni, akawasha taa kichwani, akainama muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nami sikuwa nimemwambia mtoto wa dada yangu chochote. Yeye alijua tu kwamba usiku ule mjomba alimwokoa mtoto wake, na habari hiyo aliwaeleza watu wote kijijini. Kila aliponisifu nilitazama chini.

Daktari alisema: mishipa haijafika kando, na mahali fulani pana mstari mdogo asioupenda. Rudini baada ya majuma mawili. Tulirudi. Akasema: mstari haujakua. Rudini tena. Mara ya tatu alizima taa yake, akasema mishipa imefika. Nilimwuliza kwa faragha kama ule mstari ulitokana na saa zangu mbili. Alijibu kwamba watoto wengi wenye uzito kama huo huwa na mstari wa namna ile hata wakitunzwa vizuri kabisa, na kwamba hakuna awezaye kusema.

Mtoto sasa yuko shuleni. Juzi alinisomea barua yangu mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimesahau miwani. Mama yake alikuwa akichambua maharagwe karibu nasi, akaanza tena hadithi yake ya usiku ule, jinsi mjomba alivyofungua hewa. Ndipo nilipomwambia yote: ile namba 100, saa mbili, maneno ya Masere, mstari mdogo. Alisikiliza akiendelea na maharagwe. Alikaa kimya hata nikadhani hatajibu.

"Mjomba," akasema mwisho, "mimi nililiona lile jicho la Masere aliporudi. Nilijua kuna jambo. Lakini ni mimi niliyekushika mkono."

Kisha akamwita mtoto amletee maji.